Safari ya Rwanda mwezi wa nne: kitambaa bado sijakikata

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Mimi ni fundi cherehani hapa Kihesa, Iringa. Usharika wetu (siutaji, wenyewe watajijua) umeniletea vitenge nishone sare arobaini za kwaya kwa ajili ya safari ya injili Rwanda mwezi wa nne. Hiyo ni safari ya pili. Ya kwanza nilikwenda mwenyewe, na ndiyo maana leo siku ya tisa kitambaa kiko mezani na mkasi sijautia.

Tulikodi basi: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, mpaka Rusumo. Njia nzima mapambio na mahindi ya kuchoma. Mpakani, wakati tunasubiri pasi zigongwe, vijana wakawa wanapiga picha maporomoko ya mto Kagera. Nikamuuliza mmoja kama anajua daraja lile liliona nini mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hakujua. Wakimbizi kama 250,000 walivuka kuja Ngara, upande wetu, ndani ya siku moja hivi, na mto huohuo ulikuwa unateremsha maiti kuelekea Ziwa Victoria. Simlaumu, alikuwa hajazaliwa. Ila tulikaa wiki mbili kwenye maandalizi, na zote ziliishia kwenye nyimbo na michango.

Siku ya tatu tukapelekwa Nyamata, kusini mwa Kigali. Lilikuwa kanisa, sasa ni kumbukumbu. Watutsi wa Bugesera, eneo hilohilo, walipoanza kuuawa mwaka 1992, waliokimbilia humo walisalimika. 1994 wakakimbilia humohumo, na safari hii wauaji wakaingia. Waliuawa kwa maelfu. Bati limejaa matundu, mwanga unapenya kama kwenye chekeche. Nguo za marehemu zimelazwa kwenye mabenchi, benchi hadi benchi.

Wenzangu waliona marundo. Mimi nina miaka thelathini na mbili kwenye cherehani, niliona kazi za mafundi. Nguo zote zimeshika rangi moja ya udongo, lakini mshono haujifichi. Kulikuwa na sweta lililozibwa kiwiko kwa uzi usiofanana. Kulikuwa na gauni la mtoto, mikono ya puto, pindo lake limekunjwa upana wa vidole vinne. Pindo kama hilo fundi huliacha pale mama anaposema, mtoto huyu anakua, mwakani tutakuja ulishushe. Lilikuwa bado halijashushwa. Nilisimama hapo hadi nikaitwa. Wakati huohuo mmoja wetu, tena kiongozi, alikuwa akitoa simu apige picha, na mwenyeji wetu alimwambia mara tatu kwamba humo ndani hairuhusiwi.

Nje ya kanisa kuna kaburi la Antonia Locatelli, Mwitaliano aliyeishi nchini humo miaka mingi. Mwezi Machi 1992 alipiga simu kwa redio za nje akasema watu wanauawa na kwamba mauaji yamepangwa. Naye akauawa. Nilitaka tukae pale kidogo. Ratiba ikasema tunachelewa mkutano.

Na mkutano wenyewe! Mwinjilisti wetu alifungua Mathayo 18, saba mara sabini, akahubiri msamaha kwa saa nzima mbele ya wajane. Baadaye, tukinywa chai, mama mmoja aliyekulia ukimbizini huku kwetu akanisogelea na Kiswahili chake safi. Akaniambia: "Dada, aliyewaua kaka zangu alifungwa, akatoka. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, maji tunachota bomba moja. Huyu mtumishi wenu anakaa wapi?" Nikamjibu, Iringa. Akasema, "Ni mbali," akaniongezea chai.

Nasi wa Iringa tungepaswa kuelewa upesi kuliko wengine. Fuvu la Mkwawa, mtemi wetu aliyepigana na Wajerumani, liko Kalenga, ndani ya kioo. Wajerumani waliondoka nalo, likarudi 1954. Sasa niambieni, ingekuja kwaya kutoka Ujerumani na sare mpya, ikasimama mbele ya kile kioo kutufundisha Wahehe kusamehe, wazee wetu wangeitikia "Amina" ya namna gani?

Jambo jingine ambalo usharika wetu haukuligusa kabisa: wamo watumishi wa Mungu waliotiwa hatiani, na kesi zao zilisikilizwa Arusha, hapahapa Tanzania, kwenye mahakama ya kimataifa ya mauaji hayo ya Rwanda. Padri Athanase Seromba alihukumiwa kwa habari ya kanisa la Nyange, lililobomolewa kwa tingatinga watu wakiwa ndani; rufaa ya 2008 ikampa kifungo cha maisha. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana alipewa miaka kumi mwaka 2003. Sasa anayetoka kanisani kwenda kwa watu waliouawa kanisani, aanze kwa kuhubiri au kwa kuomba radhi? Papa Francis mwenyewe mwaka 2017 aliomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na watu wake. Sisi tulikwenda kugawa msamaha kama vipeperushi.

Halafu mwezi wa nne! Kuanzia tarehe 7 Aprili Wanyarwanda wanakuwa katika kumbukumbu, wiki ambayo hata harusi hazifanywi. Sisi ndiyo tunapanga kushuka na spika na kinanda.

Ninachoomba kwa wazee wa usharika ni kidogo. Mahubiri yaondolewe kwenye ratiba. Spika zibaki Iringa. Wanaokwenda wafundishwe kwanza habari za Nyamata na za ile mahakama ya Arusha, na wakifika kule wawaulize wenyeji wanahitaji nini. Huenda ni mtu wa kukaa nao tu kimya.

Jana mwenyekiti wa kwaya alinipigia akiuliza vipimo vimefikia wapi. Nimemjibu nangoja ratiba mpya. Kitambaa ni kizima, na pesa ya ushonaji sijaipokea.

Fundi cherehani,
Kihesa, Iringa