Bawa likifunguka, injini haiongezewi nguvu

Mhariri,

Watangazaji wa mbio za Formula 1 wamezoea kusema kwamba dereva akibonyeza kitufe na bawa la nyuma likafunguka, gari "limeongezewa nguvu". Si kweli. Injini inabaki ile ile. Kinachopungua ni ukinzani wa hewa.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani huongezeka mara 4, na nguvu ya kuushinda mara 8. Chukua gari ambalo eneo lake la mbele likizidishwa kwa kizigeu cha ukinzani (namba inayoonyesha umbo la gari linavyozuiwa na hewa) unapata mita za mraba 1.2. Kwa kilomita 150 kwa saa, kupasua hewa peke yake kunakula takriban kilowati 52. Kwa kilomita 300, kunakula kilowati 417.

Bawa la nyuma limewekwa kwa ajili ya kona. Hugeuza mkondo wa hewa kwenda juu, nalo gari hukandamizwa chini, matairi yakashika barabara. Hasara yake ni hewa iliyovurugika nyuma ya gari, inayolivuta lirudi nyuma. Katika mfumo uliotumika kuanzia 2011 hadi 2025, pistoni ya haidroliki iliinua ukingo wa mbele wa kibawa cha juu, yaani kipande cha bawa kinachosogea. Katika miaka ya mwisho, kanuni ziliruhusu uwazi kati ya kibawa hicho na sehemu ya chini ya bawa kupanuka kutoka milimita 10 hivi hadi 85. Hewa ilipita bila kupindishwa sana, na gari likapata kilomita 10 hivi za ziada kwa saa mwishoni mwa barabara iliyonyooka.

Hatari iko kwenye kufunga. Dereva akikanyaga breki bawa hujifunga, lakini hewa nayo lazima ianze tena kuambaa na kibawa, la sivyo matairi ya nyuma yanakosa mshiko wakati ule ule yanapouhitaji. Monza, Italia, 2018, bawa la dereva Marcus Ericsson halikufunga alipofunga breki. Gari liligonga ukuta na kubiringika. Suzuka, Japani, Aprili 2025, dereva Jack Doohan aliingia kona ya kwanza bawa likiwa wazi. Kona ile haidai breki, kwa hiyo dereva hana budi kulifunga mwenyewe.

Nawasihi watangazaji walifafanue hili sasa, kwa sababu kanuni za 2026 zimebadili mambo. Mabawa ya mbele na ya nyuma yote yanajilaza kwenye maeneo yaliyopangwa, kwa kila gari, hata lisilomfukuza mtu. Sharti la zamani la kufungua bawa, yaani kuwa ndani ya sekunde moja nyuma ya mpinzani, limehamia kwenye umeme wa ziada wa kumpita mpinzani. Huo ndio nguvu halisi, na ni kitu tofauti kabisa na bawa.

Fundi magari,
Dar es Salaam