Malalamiko: Mtambo wa maji moto usiopasha, na kisingizio cha baridi ya Njombe

Mjimwema,
Njombe.
8 Julai 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Tawi la Makambako.

Ndugu Meneja,

YAH: MTAMBO WA SOLA WA LITA 200 ULIOFUNGWA NYUMBANI KWANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Februari mwaka huu niliwalipa fedha yote taslimu. Mlinifungia mtambo wa sola wa mirija ya kioo wenye tangi la lita 200, pamoja na pampu ya kusukuma maji baridi na koki za kuchanganyia maji katika mabafu yote mawili. Risiti ya EFD ninayo, na hati ya waranti ya miaka mitano ina muhuri wenu. Nayasema haya mapema kwa sababu nikipiga simu huulizwa kwanza kama kweli nilinunua kwenu.

Mwanzoni mtambo ulifanya kazi, sitakataa. Kuanzia Mei maji yakawa vuguvugu. Sasa hivi ukifungua upande wa moto saa kumi na mbili jioni, baada ya mchana mzima wa jua, unasubiri mpaka ndoo inakaribia kujaa, na kinachokuja ni maji ya kuoshea vyombo, si ya kumwogesha mama mkwe aliyevuka miaka themanini. Usiku taa nyekundu ya hita ya umeme haizimiki, na Luku inakula uniti kwa kasi ambayo nyumba hii haikuijua kabla hamjaja.

Mafundi wenu wamefika. Mmoja alisema mirija ina vumbi, akaifuta. Mwingine akabadilisha kidhibiti joto cha hita. Aliyefuata akasema tuongeze hita kubwa zaidi, kwa gharama yangu bila shaka. Wote wakati wa kuondoka huniachia neno lile lile: "Mama, hii ni baridi ya Njombe."

Hapo ndipo ninapokataa. Baridi ya Njombe haikuanza mwaka huu, na mlipokuja kunishawishi ninunue, kipeperushi chenu kiliitaja kwa jina kuwa ndiyo sababu ya kununua. Mrija mmoja wa mtambo huu ni vioo viwili, kimoja ndani ya kingine, na hewa ya katikati imenyonywa ili joto lisitoroke. Umetengenezwa kwa ajili ya mahali penye baridi. Unachohitaji ni mwanga wa jua, na Juni na Julai ndicho kiangazi chetu. Kuna siku za ukungu, sawa, lakini siku ambayo nimeanika nguo zikakauka kabla ya saa tisa, msiniambie jua halikuwepo.

Kwa kuwa hamkunipa jibu, nilimwita kijana wa jirani aliyesomea ufundi bomba VETA. Hakuja na kifaa chochote cha ajabu. Alipanda juu akafunga koki ya bomba linaloshusha maji moto kutoka kwenye tangi la sola, kisha akashuka jikoni akafungua upande wa moto wa sinki. Kama bomba lile lingekuwa linapata maji kutoka kwenye tangi peke yake, yangekatika. Hayakukatika. Yaliendelea kutoka kwa nguvu, baridi ya kuuma vidole. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Maana yake maji baridi yanaingia kwenye bomba la moto kupitia mahali fulani ndani ya nyumba. Tulipatafuta tukapaona: bafu la nyuma, kwenye shawa ya mkononi mliyoiweka nyinyi. Kitasa cha koki kinaachwa wazi katikati, na maji yanafungwa kule kwenye kichwa cha shawa, kama fundi wenu alivyotuelekeza. Sasa angalieni presha. Maji moto yanashuka kutoka darini kwa uzito wake tu, maana tangi hili ni la wazi, halina presha. Maji baridi yanasukumwa na pampu mliyotuuzia. Yakikutana ndani ya koki isiyo na pa kutokea, yenye nguvu yanayasukuma yasiyo na nguvu, yanapanda kwenye bomba la moto na kurudi hadi kwenye tangi. Hakuna valvu hata moja ya kuzuia maji kurudi katika kazi yote mliyoifanya.

Ushahidi mwingine uko kwenye bati. Chini ya bomba la kupumulia la tangi kuna mchirizi wa ukijani wa kuvu, upana wa kiganja, unaoshuka hadi kwenye mfereji, na mvua ilishakata. Nilimwonyesha fundi wenu akaniambia ni mvuke. Mvuke gani huo unaodondoka saa nane za usiku kwenye maji ya vuguvugu? Ni tangi linajazwa kwa nyuma mpaka linafurika, na kinachofurika ni maji niliyokwisha kuyalipia kuyapasha.

Ndiyo sababu hita haizimiki. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 15 hadi 55 kunataka uniti 9 na ushee, hivyo hita yenu ya kilowati 1.5 inahitaji zaidi ya saa sita. Hiyo ni kama maji yametulia. Hapa yanaongezwa ya baridi muda wote, kwa hiyo kazi haiishi, na hita kubwa zaidi ingenimalizia uniti haraka zaidi tu.

Kosa la pili ni lile ambalo mtu anaweza kuliona akiwa barabarani. Mirija imeelekezwa kusini. Njombe iko kusini ya ikweta, takriban nyuzi 9, na mwezi Juni jua liko upande wa kaskazini: saa sita mchana linakuwa limeinama nyuzi kama 33 kutoka utosini kuelekea huko. Stendi yenu imelaza mirija kwa nyuzi 45 kuelekea upande wa pili, kwa hiyo mwanga unapita ukiiparaza. Februari, mlipoujaribu mtambo na kunisainisha, jua la saa sita lilikuwa karibu utosini, ndiyo maana kila kitu kilionekana sawa. Nilimuuliza aliyefunga kwa nini kusini. Alijibu kwamba paa la upande ule lilikuwa rahisi kulipanda.

Mabomba ya moto darini nayo hayakuvikwa chochote, toka kwenye tangi hadi bafu la mbele.

Ninachotaka, kwa gharama yenu, ni mtambo uhamishiwe upande wa paa unaotazama kaskazini, valvu za kuzuia maji kurudi zifungwe kwenye koki zote za kuchanganyia, mabomba yavikwe sponji yake, na hita iwekewe swichi ya saa ili iwake pale tu jua linaposhindwa. Nataka pia fidia ya umeme. Taarifa ya manunuzi ya Luku tangu Mei nimeiambatanisha, pamoja na picha za bati.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji shughuli anayokusudia na kutegemea utaalamu wake, na mimi niliwaeleza: maji ya kuoga, Njombe, mwaka mzima.

Fundi mtakayemtuma awe na mamlaka ya kubadilisha kazi, si kufuta vumbi. Jumatano na Ijumaa nipo nyumbani kuanzia saa tatu asubuhi, na kijana wa VETA amekubali kuwepo ili arudie jaribio lile mbele yake.

Wenu,

Mteja, Mjimwema, Njombe.

Viambatanisho: nakala ya risiti na waranti, picha, taarifa ya Luku.