Uongozi nimejifunza kwa mama lishe wa getini

Mhariri, salamu. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, hili jambo nimekaa nalo muda mrefu na naona linawahusu watu wengi wanaosimamia wenzao, iwe kiwandani, dukani, hospitali au hata saiti ya ujenzi.

Mi ni supavaiza wa shifti ya usiku kwenye kiwanda cha mikate hapa Dar, nina vijana 11. Nilivyopewa cheo nilidhani kuongoza ni kusikika, yani sauti yako ifike mpaka kwenye oveni. Usiku mmoja kijana mgeni akasahau chumvi kwenye unga, na anayejua mikate anajua unga usio na chumvi unaumuka haraka kupita kiasi, unakuwa legelege na mkate wake hauna ladha, basi nikamfokea mbele ya wote mpaka machozi yakamlenga. Nikaona nimetimiza wajibu. Siku chache baadae yuleyule akagundua hamira imeingia unyevu na unga hauumuki, akanyamaza, akapanga trei, akasukuma ndani, sisi tunakuja kutoa tunakuta mikate migumu kama tofali na gari la kusambaza liko nje linasubiri. Alijua tangu saa saba usiku. Aliogopa kuniambia.

Asubuhi hiyo nimetoka na mawazo nikakaa kwa mama lishe mmoja karibu na geti letu, huwa tunakunywaga supu pale tukimaliza shifti. Ana mabinti watatu wanaomsaidia. Mmoja alikuwa ameunga maharage, mama akadondosha kidogo kiganjani, akaonja, akanyamaza. Akamwita binti pembeni, akampa kijiko, akamwambia onja. Binti akaonja, akainamisha kichwa, akasema chumvi imezidi. Mama akamuuliza sasa tunafanyaje, akajibu kuna mengine nimechemsha hayana chumvi, nichanganye? Haya, changanya. Sisi wateja tukaambiwa tu wanangu maharage bado kidogo, anzeni na supu. Hakuna aliyejua nani kakosea, mi niliona kwa sababu nilikaa karibu na jiko.

Nikamuuliza mama mbona hujamgombeza. Akasema, "Nikimgombeza leo kesho atanificha. Nataka kesho aniambie mwenyewe kabla sijaonja."

Mhariri, nimeshakaa kwenye semina mbili za uongozi, za hotelini, na sisemi hazina faida, kupanga ratiba na kuandika ripoti nimejifunza huko. Ila hili la mtu kukuficha kosa kwa sababu yako wewe mwenyewe sikulipata huko, au labda lilisemwa likanipita maana sikuwa na mikate iliyoharibika mbele yangu.

Jioni yake nilivyoingia kazini nikamuomba radhi yule kijana, na nikamuomba mbele ya walewale walioniona nikimfokea. Ilikuwa ngumu kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kazini, sauti ilinikauka.

Toka hapo nikawa naangalia watu kwa jicho lingine. Mfano Eliud Kipchoge, wengi tunamkumbuka kwa zile 1:59:40 alizokimbia Vienna Oktoba 2019, mtu wa kwanza kumaliza umbali wa marathoni chini ya masaa mawili, japo haikuhesabiwa kama rekodi rasmi. Mi kilichonigusa zaidi ni maisha yake ya kambini Kaptagat kule Kenya, bingwa wa Olimpiki mara mbili lakini zamu ya kusafisha vyoo ikimfikia alikuwa anasafisha kama wenzake wote. Kwetu kusugua trei ilikuwa kazi ya mgeni, ndo mila ya pale. Nikaandika jina langu kwenye zamu, kila Ijumaa. Wiki za mwanzo hakuna aliyeongea, waliona kama nimekuja kuwachunguza, alafu taratibu maneno yakaanza kutoka, maana mikono ikiwa kwenye maji ya moto watu wanaongea. Hapo ndo nikaambiwa oveni namba mbili inaunguza kona ya nyuma kushoto, na wote walikuwa wanajua hata kabla sijawa supavaiza, wanageuza trei kimyakimya usiku kucha. Fundi akaja, akakuta feni ya ndani ina shida, akairekebisha siku hiyohiyo. Ukihesabu mikate tuliyotupa miaka yote hiyo inauma sana.

Mwezi uliopita yule kijana alinifuata mwenyewe, bosi nadhani chumvi sijaweka. Unga bado ulikuwa kwenye mashine, tukaongeza, gari likaondoka kwa wakati wake.

Ombi langu kwako ni hili. Gazeti lako linahoji wakurugenzi na hiyo ni sawa, ila tunaomba hata safu ndogo mara moja kwa wiki ya watu wanaoongoza wenzao bila vyeo vikubwa, fundi anayesimamia kikosi cha kumwaga zege, nahodha wa jahazi, muuguzi mkuu wa wodi, muwaulize mtu wako akikosea unamfanyaje, na walijifunzia wapi. Mimi huyo mama lishe nimeshamuuliza, amekubali, ila amesema mwandishi aje baada ya saa nne asubuhi, kabla ya hapo ana wateja.

Msomaji wako,
Supavaiza wa usiku, Dar es Salaam