Ile picha ya ngoma asilia imewaumbua

Ndugu mhariri,

Salamu. Nimesoma ile makala yenu ya vijana kuua ngoma zetu, tena nimeisoma mara mbili maana mara ya kwanza nilikuwa nacheka. Mwandishi kalalamika weee, oh vijana wanaiga Marekani, oh siku hizi watu wanacheza mbele ya simu tu, oh utamaduni umekwisha, halafu juu yake mkaweka picha ya wazee wa ngoma ya mganda ya Ziwa Nyasa, kaptula nyeupe, soksi ndefu, filimbi mdomoni, wamejipanga mstari, na chini yake mmeandika "ngoma asilia tuliyoachiwa na mababu". Sasa mhariri, babu yupi huyo wa kale alivaa soksi?

Mganda, pamoja na ngoma ya malipenga ya Malawi, ni watoto wa ngoma ya beni. Na beni yenyewe ni neno bendi tu limekaa mdomoni vizuri. Ilianzia huku pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890 hivi, watu wameona bendi za tarumbeta za wakoloni na gwaride lao wakasema kwani sisi tunashindwa nini. Wakagawanyika makundi mawili, Marini na Arinoti, kila upande una kingi wake na majenerali wake wa kujipachika, wanashindana kwa mavazi na nyimbo za kuchambana, yaani ubishi wa Simba na Yanga kabla ya Simba na Yanga. Vita ya 1914 ilipokuja, askari na wapagazi wakaisambaza bara huko mpaka Nyasa, na pale ambapo tarumbeta hakuna watu wakachukua vibuyu wakavipulizia. Wamisheni waliipiga vita, serikali ya mkoloni ikaitilia shaka. Leo ndiyo hiyo mnaiita asilia, na mimi sina ugomvi na jina hilo, ugomvi wangu ni kwamba mnamnyima kijana wa leo ruhusa ileile aliyojipa babu yake.

Ngoma ya gambuti, vile viatu virefu vya mpira, nayo je? Wachimba dhahabu wa Afrika Kusini walikuwa wanashinda kwenye maji huko chini, wakavalishwa gambuti za kiwandani, wakaanza kuzipiga kwa viganja na kukanyaga kwa mpangilio, na sasa mgeni akitaka kuonyeshwa ngoma ya Afrika Kusini hiyo haikosi.

Ila pale kwenye "kuiga ya ng'ambo" ndipo mwandishi wenu kanichosha kabisa. Neno rumba wengi wanasema limetoka kwenye nkumba, yaani kitovu kwa Kikongo, kwa sababu mwanamume na mwanamke walicheza kitovu kwa kitovu. Semba ya Angola hivyohivyo, watu wanagusanisha vitovu, na inasemekana ndiyo iliyozaa jina la samba kule Brazil. Watu walifikishwa Kuba kwa minyororo, wakabatizwa majina mengine, lugha zao zikawapotea karibu zote, kiuno kikabaki kinakumbuka. Halafu miaka ya 1930 na 1940 santuri za muziki wa Kuba zikawa zinauzwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, vijana wakasikiliza wakaona mbona hii tunaijua, wakatia magitaa yao, wakatia Kilingala, na sisi wote huku tukaoana kwa muziki huo. UNESCO wameiandikisha rumba ya Kuba 2016 na ya Kongo zote mbili 2021, sasa mwandishi atuambie nani alimwiga nani hapo. Huku kwetu mtu husema kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake, basi rumba ina vitovu viwili na hakuna anayeweza kuifukuza pande yoyote.

Na wapo walionyang'anywa ngoma yenyewe. South Carolina kule Marekani, baada ya uasi wa watumwa wa Stono wa 1739, sheria ya 1740 ikawakataza watumwa kupiga ngoma na mabaragumu, maana mabwana waliogopa zinaita watu vitani. Mlio ukahamia kwenye mapaja, kifua, makofi na visigino. Mjukuu wa watu hao akikanyaga chini kwenye video na kijana wa huku akamfuatisha, eti ni uzungu, uzungu wa wapi?

Sikatai kwamba zipo ngoma zinazokufa. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, Kenya, iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya zile za kuokolewa haraka. Lakini ngoma ile ilikuwa na kazi, mtoto akizaliwa, vijana wakitahiriwa, kwenye harusi, kwenye msiba, na wanaoijua vizuri wamezeeka huku shughuli zenyewe tunaziita burudani ya kulipia. Na anayekodi spika kwenye harusi si kijana wa kwenye simu, tunakodi sisi wazazi, tukishakodi tunaandika makala.

Mwandishi wenu akirudi kule ziwani naomba amtafute yule mzee mwenye filimbi amuulize hatua zile alifundishwa na nani, na siku ya kwanza alipozicheza nyumbani, wazee wake walisemaje.

Msomaji wenu wa siku zote