Risala ya Klabu ya Waandishi wa Habari kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha. Nawe mama yetu tunakushukuru kwa kuja, kwani tunajua chumba cha habari hakina mapumziko na gazeti la kesho linakusubiri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala zetu za nyuma zilijaa maombi ya kompyuta na kamera. Leo tuna ombi moja tu, na ili lieleweke tunaomba kwanza tukusimulie habari za mhariri mmoja aliyefanya kazi katika jiji hili hili la Dar es Salaam. Wengi wetu tulikuwa hatujapata kumsikia hadi mwalimu mlezi wa klabu alipotuandikia jina lake ubaoni: Frene Ginwala.

Alizaliwa Johannesburg mwaka 1932, katika familia ya Waparsi wenye asili ya India. Alisomea sheria Uingereza. Mwaka 1960, baada ya mauaji ya Sharpeville, ambako polisi wa makaburu waliwapiga risasi waandamanaji, alisaidia kuandaa njia za kuwatoa Afrika Kusini viongozi wa ukombozi Oliver Tambo na Yusuf Dadoo, kisha akawa miongoni mwa walioanzisha ofisi ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, hapa Dar es Salaam. Hapa hapa akaanzisha jarida lililoitwa Spearhead. Mwaka 1963 alifukuzwa nchini, jarida likafa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, huyo huyo aliyefukuzwa, Mwalimu Nyerere ndiye aliyemwita tena. Tarehe 5 Februari 1970 serikali ilitaifisha gazeti la The Standard, lililokuwa mali ya kampuni ya Lonrho. Mhariri mkuu kwa cheo akawa Rais mwenyewe, na mhariri mtendaji, yaani mwenye kazi yote ya kila siku, akawa Frene Ginwala. Hakuwa hata ametimiza miaka arobaini. Gazeti la chama tawala cha TANU, The Nationalist, lilikuwa chini ya Benjamin Mkapa, kwa hiyo kila asubuhi wasomaji wa Kiingereza walipata magazeti mawili ya kuchagua.

Hapa ndipo tulipokaa sana katika mijadala yetu ya Ijumaa. Siku ile ile ya kutaifishwa, Mwalimu aliliwekea gazeti mwongozo kwa maandishi, nao ukachapishwa ili wote wausome. Ulisema gazeti litaunga mkono sera za taifa kwa ujumla, lakini litakuwa huru kujadili hoja yoyote na kukosoa pale mambo yanapokwenda kombo. Mama Ginwala aliushika mwongozo ule na kuufanyia kazi kama ulivyoandikwa.

Julai 1971, Rais Nimeiry wa Sudan aliponusurika kupinduliwa, viongozi wa chama cha kikomunisti nchini humo walinyongwa. The Standard likaandika tahariri ya kulaani. Tanzania na Sudan zilikuwa marafiki, na Mama Ginwala akaondolewa kazini. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Aprili, gazeti lake liliunganishwa na The Nationalist, likazaliwa Daily News tunalolisoma hadi leo.

Wapo miongoni mwetu waliosema kwamba basi mwongozo ule haukumsaidia kitu. Sisi wengine hatukubali. Kwa mwaka mmoja na nusu hivi alijua mipaka yake, na wasomaji walijua wameahidiwa nini. Hata alipoondolewa, kila mtu aliweza kupima uamuzi ule kwa maneno yaliyokwisha chapishwa.

Baadaye alipata shahada ya uzamivu Oxford, akarudi kwao mwaka 1991, na mwaka 1994 akachaguliwa Spika wa Bunge la kwanza la Afrika Kusini huru. Alikalia kiti hicho miaka kumi, na sari yake. Sisi Spika wetu wa kwanza mwanamke, Mama Anne Makinda, tulimpata mwaka 2010. Mama Ginwala alifariki Januari 2023 akiwa na miaka 90.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa ombi letu. Klabu yetu hutoa gazeti la ukutani kila wiki mbili. Muhula uliopita tulibandika makala kuhusu foleni ya maji bombani, jinsi wasichana wa bweni wanavyoamka saa kumi alfajiri kuwahi ndoo. Tuliwahoji wenzetu, tukahesabu ndoo, tukaandika kwa adabu. Kufikia mchana makala ilikuwa imebanduliwa, na hatukuambiwa kosa lilikuwa wapi. Mwandishi wake, wa kidato cha pili, hajaandika tena tangu siku ile, na hilo ndilo linalotuuma.

Kwa heshima na taadhima, tunaomba utuombee kwa uongozi wa shule tupewe mwongozo wa maandishi, hata ukurasa mmoja: nini tunaruhusiwa kuandika, nani atakisoma kabla hakijabandikwa, na kwamba makala ikiondolewa mwandishi ataelezwa sababu. Tunaomba ubandikwe ukutani, juu ya gazeti letu, kila mwanafunzi auone. Tumeshaandaa rasimu, na katibu wetu atakukabidhi sasa hivi pamoja na ile makala ya maji.

Naomba kuwasilisha.