Msinunue kompyuta mpya kwa sababu ya modeli mbili

Mhariri,

Msimu wa miradi ya mwisho vyuoni, kilio huwa kilekile: modeli ya betri (programu inayoiga betri kwenye kompyuta) iko kwenye mfumo wa Windows, ya gridi, yaani mtandao wa umeme, iko kwenye mfumo wa Linux, haziungani, basi zinunuliwe kompyuta za aina moja. Pesa hiyo ingenunulia mengine.

Tutazame Pemba, inayopata umeme kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010. Anayetaka kujua kama betri zitakihimili kisiwa waya ukikatika, lazima modeli zake mbili zipashane habari kila hatua: ya betri itoe nguvu, ya gridi irudishe volteji na frikwensi. Utaratibu wa kuziunganisha upo, unaitwa FMI (Functional Mock-up Interface), na toleo la 2 lilitoka 2014. Faili lake, FMU, lililobeba modeli ndani yake, ni zipu tu. Libadilisheni jina liishie .zip, lifungueni, muangalie folda ya binaries, yenye programu zilizo tayari kuendeshwa. Mkikuta win64 peke yake, msilisumbue kwenye Linux. Huko linahitaji folda ya linux64 yenye faili la .so, ambalo ndiyo programu ya Linux. Aliyelitengeneza alitoe upya kwa mifumo yote miwili, au atie msimbo wa C kwenye folda ya sources mukompaili wenyewe, yaani muugeuze kuwa programu. Hilo la .so likompailiwe kwenye Linux kongwe mliyonayo, kwani la kwenye mpya mara nyingi hukataa kwenye kongwe kwa sababu ya glibc, maktaba ya msingi ya Linux ambayo toleo lake hutofautiana.

Mwenye modeli akigoma, modeli yake ibaki kwenye kompyuta ya Windows, nanyi mupitishe namba baina ya kompyuta mbili kwa mtandao. Hapo ndipo penye mitihani. Faiawoli ya Windows, yaani kinga yake ya mtandao, huzuia maombi yanayoingia, kwa hivyo chagueni poti moja (mlango wa mtandao wenye namba) na muifungue hiyo tu. Linux huona Betri.csv na betri.csv kuwa mafaili mawili, Windows kwa kawaida huyaona moja. Na "long", aina ya namba nzima katika lugha ya C, ni baiti 4 kwenye Windows ya biti 64, baiti 8 kwenye Linux: namba ndani ya ujumbe husogea mahala pake, na frikwensi ya hezi 50 ikasomeka upuuzi mtupu. Tumieni int64_t kwa namba nzima na double kwa zenye desimali, ukubwa wake ni mmoja kote kuwili.

Halafu piga hesabu ya muda. Siku moja kwa hatua za sekunde 0.01 ni mabadilishano 8,640,000. Kila moja likingoja milisekunde 2, kungoja peke yake ni saa 4 na dakika 48. Wifi ya skuli inaweza kuzidi hapo, bora kebo. Wengine hukimbilia hatua ya sekunde 0.1, muda hupungua mara kumi, lakini kila modeli inasoma namba iliyochacha, ya hatua iliyopita, na volteji inaweza kuanza kuruka juu na chini kila hatua. Mkiona hivyo, rudisheni hatua ndogo kabla ya kumlaumu aliyeitengeneza modeli ya betri.

Mwanzo kabisa, mahala pa gridi wekeni modeli ya bandia inayojibu frikwensi ya 50 kila ikiulizwa. 50 ikifika kama ilivyo, ndipo muingize gridi yenyewe.

Msomaji,
Kiembesamaki, Unguja