Chalii si jina la mwizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu namna vyombo vya habari vinavyoyatumia maneno ya mitaani ya huku kwetu Arusha.

Majuzi redio moja ilitangaza kwamba "machalii watatu" wamekamatwa kwa kukwapua simu, kisha mtangazaji akawafafanulia wasikilizaji kuwa machalii ni vibaka wa Arusha. Si kweli, na inauma. Hapa mjini chalii ni mvulana au kijana wa kiume, basi. Mama wa Ngarenaro anamtuma chalii wake dukani. Fundi wa Unga Limited ana chalii anayemfundisha kuchomelea. Kibaka tunamwita kibaka. Matangazo ya namna ile yakizoeleka, kijana wetu akienda kuomba kazi Dar es Salaam na kusema yeye ni chalii wa Chuga, yaani wa Arusha, ataonekana mhalifu kabla hajasikilizwa.

Tena neno lenyewe linabadilika ukivuka mpaka tu pale Namanga. Kwetu wanaume wawili wanaitana "chalii yangu" na maana yake ni rafiki yangu. Nairobi, msichana akisema "chali yangu", anamzungumzia mpenzi wake. Mwandishi asiyejua amesimama upande gani wa mpaka atawaharibia watu majina.

Mimi nimefanya ukonda njia ya Tengeru, kwa hiyo maneno ya barabarani nayajua kwa kuyaishi. Watu wazima wa hapa walikuwa wakiita basi dogo kifodi, kutokana na magari ya Ford. Daladala ni neno lililopanda kutoka Dar es Salaam, ambako miaka ya 1980 nauli ilikuwa dala, yaani shilingi 5, na makonda wakinadi kwa kupaza sauti "dala, dala!" Pikipiki ya abiria tuliipa jina la toyo, ambayo ni chapa tu ya pikipiki, na wengi wetu bado tunaiita hivyo hata kama ni ya kampuni nyingine kabisa. Hilo la bodaboda lilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, kule Busia, walikokuwa wanabeba watu kwa baiskeli kutoka boda moja hadi nyingine. Nayasema haya kwa sababu nimewahi kusoma habari ya ajali ambamo toyo iligeuzwa kuwa Toyota. Dereva wa pikipiki akaandikwa kuwa dereva wa gari! Ndugu wa majeruhi wakisoma habari kama hiyo, watajuaje kwamba ni mtu wao?

Majirani zetu wa Moshi wana lao. Mangi alikuwa mtawala wa Wachagga. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900 kwa kupinga utawala wao. Leo Dar es Salaam mtoto anaambiwa "kimbia kwa Mangi ukalete sukari", na huyo Mangi ni mwenye duka la mtaani, pengine hata si Mchagga. Sioni ubaya wowote neno likisafiri hivyo, kwani lugha ndivyo inavyoishi. Ila ningependa mtoto huyo ajue kwamba jina hilo lilibebwa na watu waliokufa kwa ajili ya ardhi yao.

Sidai kwamba maneno yetu yote ni ya heshima. Wale vijana wanaowaganda watalii pale Mnara wa Saa tunawaita flaikacha, na si kwa kuwasifia. Zanzibar wenzao wanaitwa papasi, jina la mdudu anayenyonya damu kama kupe. Hapo mwandishi akieleza kwamba neno ni la kukejeli, atakuwa amesema kweli.

Ombi langu ni kwamba waandishi wako wanapotumia neno la mtaani, waweke maana yake kwa Kiswahili cha kawaida katika sentensi ileile, na wataje ni maana ya wapi. Wawaulize wanaolitumia: mama lishe, dereva wa toyo, fundi, wazee wa Kaloleni. Wasimuulize polisi peke yake, maana polisi hukutana na neno hilo likiwa tayari limeshikwa pingu.

Pia nashauri utenge safu ndogo kila wiki, wasomaji tulete maneno ya mikoa yetu pamoja na maana na asili yake. Asiyejua asili aandike maana tu, asitunge hadithi. Mimi niko tayari kuanza na ya stendi, na wapo makonda wenzangu wa zamani wanaokumbuka zaidi yangu, ila baadhi yao umri umeenda. Ukikubali, safu ianze mwezi huu.

Konda mstaafu,
Kijenge, Arusha